Siku Ile Hukuwa na Homa

Kavira, mama,

Ni saa tisa ya mchana, na wewe umekwenda kwa jirani kusukwa nywele. Kesho asubuhi utapanda gari kwenda Butembo kuanza masomo ya teolojia. Mama yako amekwisha kufunga blanketi, maharagi na kile kitenge cha kijani, na amekuambia mara tatu namna ya kuficha simu ukiwa sokoni. Hayo ninamwachia yeye. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba na daftari juu ya magoti, kwa sababu kuna jambo ambalo sikuweza kukuambia uso kwa uso. Ninaliandika kwa Kiswahili cha kanisani. Kile chetu cha nyumbani kingenipa nafasi ya kufanya mzaha, na unanijua: nikianza mzaha, ninakimbia.

Unakumbuka ile Jumamosi ya mkutano wa vijana. Nilikuwa ninafundisha juu ya nabii Yona, nanyi mlikuwa mmejaa hadi mlangoni. Ukasimama. Ulisema kwa sauti ya kawaida, bila kiburi. Hilo nalikiri sasa.

"Papa, kama Yona hakumezwa na samaki kweli-kweli, sisi tunapoteza nini? Na kama ile zaburi ya ulinzi iko kweli vile iliandikwa, juu ya nini batu ba Kalunguta balikufa? Balikuwa banaiomba kila siku."

Nami nikakujibu mbele ya wote: "Kaa chini. Mutoto mwenye kuuliza vile amekwisha kupotea."

Ulikaa. Juma zima ulinisalimia asubuhi na jioni, ukaniletea maji ya kunawa, na hukusema neno lingine. Watu walidhani nimekemea mashaka ya kijana. Ukweli ni kwamba swali lako lilikuwa limekaa kifuani mwangu miaka kumi na moja, na nilishtuka kulisikia likitoka katika kinywa cha mtoto wangu.

Ngoja nianze mbali kidogo, ili ujue nilitoka wapi na imani yangu.

Sokulu wako, baba yangu, alikuwa mlimaji wa viazi kule Masereka. Hakujua kusoma. Alikuwa akisikiliza Maandiko Jumapili, na Jumatatu anayafanya. Siku moja ilisomwa ile sheria ya zamani inayosema mwenye shamba asivune hadi kwenye kingo, awaachie maskini na wageni. Tulipofika wakati wa kuvuna, alituzuia kugusa mistari ya pembeni, pande zote nne. Majirani walicheka. Mmoja alimwambia, "Ile ni sheria ya Bayuda ba zamani, si ya Banande." Baba akajibu, "Iliandikwa," akaendelea kuchimba.

Mimi nilikuwa kijana mwenye njaa, na niliona aibu na hasira. Lakini mwaka mmoja ugonjwa uliingia katika viazi vya mlima mzima. Vyetu viliponea kidogo. Akina mama wasio na kitu wakaja kuchimba kwenye kingo zetu, wengine na watoto mgongoni. Sikuwasikia wakiuliza kama sheria ile iliandikwa na Musa au na mtu mwingine. Niliwasikia wakisema "wasingya, wasingya," asante, huku wameinama.

Baba aliamini kingo za shamba, na aliamini samaki wa Yona, na safina, na jua lililosimama, vyote kwa uso ule ule. Singeweza kumwambia aamini hiki aache kile. Kwake kilikuwa kitambaa kimoja. Ukivuta uzi, kinafumuka chote. Nililelewa na mtu wa namna hiyo, nikampenda. Kwa hiyo, utakapokutana huko chuoni na watu wanaowacheka wazee wanaoamini kila neno, usicheke nao haraka. Katika nyumba kama ile, mimi nililishwa, na wengine wengi walilishwa.

Kanisa liliponituma kuwa mwinjilisti, nilishuka kutoka baridi ya Masereka hadi kijiji kimoja cha Kalunguta, na huko ndiko ulikozaliwa. Sijui unakumbuka nini. Pengine kahawa iliyoanikwa mbele ya nyumba. Pengine Paluku, aliyekuwa akipiga ngoma kanisani, na aliyekuwa akikubeba mabegani hadi mtoni. Alikuwa rafiki yangu wa kweli, wa kwanza niliyempata katika nchi ya joto. Mkewe Kanyere unamjua. Ni yule mama anayekaa mstari wa tatu katika kanisa letu hapa Mulekera, Beni.

Ulikuwa na miaka minane habari zilipoanza kufika. Vijiji vya upande wa pori vilikuwa vimeshambuliwa, na watu walikuwa wakipita barabarani na magodoro juu ya baiskeli. Jioni moja tulikusanyika kanisani. Wengine walitaka kuondoka kesho yake. Wengine walisema maharagi yamekaribia kukauka, na mtu akiacha shamba wakati ule, atakula nini huko mjini?

Paluku akanigeukia. "Mwinjilisti, sema wewe. Tutoke ao tubaki?"

Kavira, ningeweza kusema sijui. Neno fupi vile. Badala yake nilifungua zaburi ile ya ulinzi, ile ya watu elfu wanaoanguka kando yako na wewe usiguswe, nikaisoma kwa sauti yangu ya Jumapili. Kisha nikasema, "Imeandikwa. Habatatufikia."

Niliona mabega ya watu yakishuka. Ni kitu kitamu, mwanangu, kuona watu wenye hofu wakitulia kwa sababu ya maneno yako. Sijaonja kitu kitamu kama hicho, na ninakuonya juu ya utamu wake kuliko juu ya kitu kingine chochote cha kazi hii. Wengi waliondoka hata hivyo. Jamaa chache zilibaki kwa sababu ya neno langu, na jamaa ya Paluku ilikuwa mojawapo.

Sasa ninafika mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Umekua ukisikia kwamba siku ile ya pili mama yako alikuchukua kwa moto, yaani pikipiki, hadi Beni kwa sababu ulikuwa na homa kali, na kwamba Mungu alitumia homa ile kukuokoa. Umeisimulia hadithi hiyo mwenyewe, mbele ya kanisa, ulipobatizwa. Watu walilia. Mimi nilitazama chini.

Hukuwa na homa.

Mama yako aliniambia, tulipotoka kanisani, "Mimi sibaki hapa na mutoto." Sikubishana naye hata dakika moja. Nilimwita mwenye moto mimi mwenyewe. Kisha nikawaambia watu kwamba mtoto anaungua, lazima aonekane na daktari. Niliwaambia wengine wabaki chini ya ahadi, na damu yangu nikaitoa pembeni. Katika sala ya jioni Paluku aliomba kwa ajili yako. Aliomba muda mrefu, kwa jina lako, homa ishuke. Mimi niliitikia amina.

Washambuliaji walikuja siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, watu wakiwa mashambani. Nilikuwa ninatengeneza bawaba ya mlango wa kanisa. Nikasikia risasi, nikakimbia kupitia kahawa, na sikusimama hadi nilipofika barabara kubwa. Wengi walipona kwa kukimbia hivyo hivyo. Paluku hakupona. Alikuwa katika shamba lake la maharagi chini ya barabara. Tulimzika baada ya siku mbili, askari wakiwa wamesimama pembeni wakituharakisha.

Hakuna mtu aliyenilaumu. Hapa Mulekera walinipokea kama mtu aliyeponyoka, wakanipa kazi tena kanisani. Walisema Mungu anajua. Nami nikahubiri miaka kumi na moja, Jumapili baada ya Jumapili, bila kuifungua zaburi ile hata mara moja. Kama mtu aliiomba, nilisema leo tuna somo lingine. Nilizidi kuwa mkali juu ya mambo mengine: siku sita za uumbaji, umri wa wazee wa kwanza, samaki. Sasa ninaelewa sababu yake. Mtu ambaye nguzo moja ya nyumba yake imevunjika anazikumbatia zile nyingine kwa mikono na miguu. Wewe ulikuja ukagusa samaki na zaburi katika swali moja, na nikakupiga kwa neno.

Usiku ule sikula.  Asubuhi, mama yako alipokuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, akasema bila kuinua kichwa, "Umenyamazisha mutoto juu ya kosa yako. Enda kwa Kanyere."

Ilinichukua majuma mawili kutembea avenue mbili tu za mtaa wetu.

Kanyere alikuwa nje, anachagua mawe katika maharagi kwenye ungo. Alinipa kiti. Nikamwambia yote, na sikumtazama nilipokuwa nikisema. Nilipofika kwenye homa nikasema: "Haikukuwa homa. Nilidanganya."

Aliendelea kuchagua mawe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa naletea mutoto ndizi ya njia. Nikagusa uso yake. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima, na anacheka, anataka moto itembee mbio."

Niliuliza kama alimwambia Paluku. Akaweka ungo chini.

"Nilimuambia jioni, nyuma ya sala kuisha. Nilisema mutoto wa mwinjilisti haikuwa na homa. Unajua alinijibu nini? Alisema: basi homa imeshuka, unaona? Nyamuhanga, Mungu wetu, anasikia. Alifurahi sana. Akasema sasa tutabaki na roho safi."

Kavira, sijui nitakuelezaje vile nilivyosikia. Uongo wangu uligeuka kuwa muujiza mikononi mwa rafiki yangu, na muujiza ule ukamfunga pale.

Nilianza kusema kwamba nilimwua. Kanyere alinikata. "Hapana. Usijitwalie kifo chake chote, si chako peke yako. Alibaki juu ya maharagi, na juu ya kichwa yake ngumu, na juu yako. Na mimi nilikuwa najua, nikanyamaza, juu sikutaka kuvunja furaha yake. Ndo maana miaka hii yote sikukuuliza. Kama ningekuuliza wewe, ningejiuliza na mimi."

 Kuku walikuwa wakipita kati ya miguu yetu. Kisha akasema, na hapa sauti yake ilibadilika: "Lakini kuna kitu moja sijakusamehe. Siku ile kanisani, kama ungesema tu, 'Batu bangu, mimi ninaogopa, ninapeleka mutoto wangu Beni,' Paluku angefunga mizigo usiku ule ule. Alikuwa anakuamini wewe kuliko zaburi."

 

Nilipoinuka kuondoka nilimwuliza kama bado anaweza kuisoma zaburi ile. Nilitegemea aseme hapana. Aliniambia anaisema kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

"Na bwana yako amekufa?"

"Ndiyo. Wewe uliisoma kama karatasi ya bureau ya serikali, yenye mhuri. Imeandikwa, basi lazima. Mimi naona yule aliyeitunga alikuwa anaogopa, kama sisi. Mutu mwenye hofu anaongea na Mungu wake, anamuambia maneno makubwa ili asilale na hofu peke yake. Paluku alikuwa anaisema. Nikiisema, niko naye. Kama mutu analia kwa kilio ya mufu wake na anamuambia 'umeniua pamoja na wewe', utamuuliza kama ni kweli?"

Nilirudi nyumbani polepole. Mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi alikuwa amejibu swali lako vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na alikuwa amelijibu kutoka mahali ambapo lilimgharimu kuliko mtu yeyote.

Lakini sitaki uende Butembo ukidhani mambo yamekwisha kwa uzuri namna hiyo. Juma lililofuata nilikwenda mbele ya wazee wa kanisa, nikawaambia kila kitu, na homa pia. Ndiyo sababu hunisikii tena nikihubiri. Nilikuambia ni uchovu, na huo ulikuwa uongo mwingine mdogo, nisamehe. Mzee Kakule alilia. Kisha akasema neno ambalo ninalibeba: "Kosa yako tutakusamehe. Lakini usituambie kwamba Neno si vile liko. Leo utasema zaburi ni mutu mwenye hofu. Kesho mutoto wako atasema kaburi ya Yesu haikukuwa wazi. Kesho kutwa nitawaambia nini bale batoto saba ba vita niko nalea? Ninabalea juu ya vile iliandikwa."

Unamjua Mzee Kakule. Nyumba yake ina vyumba viwili, na wale yatima saba wamo humo. Anaisoma amri ya kuwatunza yatima kama baba yangu alivyoisoma ile ya kingo za shamba. Nilimwangalia, nikaona hofu yake ni ya haki. Sikumshinda kwa maneno, na sikutaka kumshinda. Nilimwambia, "Mzee, kile sijui ninasema sijui. Basi." Hakuridhika. Tangu siku ile ananisalimia kwa mkono mmoja tu, si kwa miwili kama zamani.

Kwa hiyo sina jibu moja la kukufungia pamoja na maharagi. Nimeona Maandiko yaliyochukuliwa neno kwa neno yakilisha mlima mzima wenye njaa, na yakilaza yatima saba chini ya paa. Nimeyaona yaleyale, neno kwa neno, katika mkono wangu, yakimfunga mtu shambani mwake. Miaka mingi nilidhani tofauti iko ndani ya kitabu: kipande gani ni habari ya kweli, kipande gani ni wimbo. Huko unakokwenda watakufundisha kutofautisha, na ujifunze vizuri, maana ni kazi ya heshima na mimi sikuipata. Ningejua kwamba zaburi ni wimbo, pengine nisingeisoma siku ile kama amri ya serikali. Lakini nami ninajijua. Mtu mwenye kiu ya kuwatuliza watu angepata kitu kingine cha kuwasomea.

Baba yangu alipoacha kingo za shamba, zilikuwa za shamba lake. Mzee Kakule, yatima wamelala katika chumba chake. Mimi, ahadi niliyoitangaza niliwalipisha watu wengine gharama yake. Hapo ndipo ninapoiona tofauti mimi, kwa sasa. Wewe pengine utaiona mahali pengine, na siku hiyo uniandikie, sitakuambia ukae chini.

Swali lako la Jumamosi lilikuwa swali zuri. Liulize tena huko, kwa walimu, kwa wenzako, na kwa Mungu mwenyewe ukitaka. Amekwisha kusikia mabaya zaidi kutoka kwangu. Na ukimpata mwenzako anayeogopa swali hilo, usimharakishe. Pengine naye ana Paluku wake.

Jumapili ijayo wazee wamenikubalia kusimama mbele ya kanisa zima na kusema nilichowaambia wao. Hutakuwepo. Watu watakumbuka ushuhuda wako wa ubatizo, na wengine watakutazama kwa namna nyingine ukirudi likizo. Kwa hilo ninakuomba msamaha zaidi ya yote, kwa sababu nilikuacha umshukuru Mungu hadharani kwa kitu nilichokitunga mimi. Mshukuru bado, lakini umshukuru kwa mama yako, aliyekataa kubaki.

Ninakusikia sasa unacheka barabarani, unarudi. Nitaifunga barua hii katikati ya daftari zako, na nitakuomba usiifungue kabla ya kufika.

Siku moja watakuvisha joho, mama, na utasimama mbele ya watu wenye hofu, maana nchi yetu haijaisha kuwa na hofu. Watakugeukia wakuulize watoke ao wabaki. Kabla hujafungua Maandiko, waambie kwanza mtoto wako wewe atalala wapi usiku huo.

Baba yako,
hapa Mulekera